Mama Kadre, Misumari Mdomoni

Mapadri wetu, wazee wa Buyenzi mliovuka mitaa kuja kukaa nasi, wanajumuiya, majirani wa Musaga, ndugu mliofika jana kutoka Bukavu na Uvira mkiwa na vumbi la njiani, kabla familia haijawasomea maisha ya dada yetu, mama yetu na bibi yetu Geneviève Nabintu, ambaye wengi wenu hamkuwahi kumuita hivyo hata siku moja kwa kuwa mlimuita Mama Kadre, tunawaomba kwanza muitazame ile picha iliyo mbele ya sanduku. Minong'ono tumeisikia tangu asubuhi, kwamba marehemu hatutazami bali anatazama chini, kwamba amepanda juu ya kigoda, kwamba ana misumari mdomoni kama fundi wa viatu, na kwamba nyumba iliyotengeneza kadre, fremu za picha, za nusu ya mji huu imekosaje picha ya heshima ya kumzikia mama yake. Mmeona vizuri, ni misumari, wala hamkukosea. Picha hiyo ilibaki kidogo tu isiwepo kabisa, kwa sababu mama huyu hakuwa na picha yake nyingine yoyote ya kutundika isipokuwa ile ya karangamuntu, kitambulisho cha serikali, na hiyo alikuwa amemuapisha binti yake Lisette asiiweke mbele ya watu, kwa hiyo kuanzia siku ya kifo Lisette hakuwa na usingizi wala machozi, alikuwa na swali moja tu, mama atatangulizwa na uso gani. Jibu lake liko mwisho wa maisha haya, na mdogo wake marehemu, Dieudonné, ambaye ndiye anayewasomea, amevaa miwani mipya, basi kaeni vizuri.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Januari 1962 huko Kadutu, mjini Bukavu, siku ambayo kalenda ya kanisa inamkumbuka Mtakatifu Genoveva, ndiyo maana baba hakupata shida ya kutafuta jina, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa mzee Murhula, seremala wa vitanda, madirisha na masanduku ya wafu, na mama Consolate, muuzaji wa unga wa muhogo, wote wawili sasa wakiwa wametangulia mbele ya haki. Alikulia kwenye maranda, mama yetu Consolate alikuwa akisimulia kwamba hata siku ya Komunyo ya kwanza, pamoja na gauni jeupe na mshumaa, padri alimtoa kipande cha maranda nyuma ya sikio.

Shule ya msingi aliianza kwa masista mwaka 1968 akaimaliza mwaka 1974, kisha akaingia shule ya kushona, ambako alisoma vizuri hadi mwaka 1977, pale msumeno ulipomkata baba vidole vya mkono wa kuume na nyumba ikabaki bila mkono wa kazi. Hakuna aliyemtuma, alikunja sare yake akaiweka juu ya kabati, akashika msumeno, na sista mkuu alipokuja nyumbani kumuombea arudi darasani alimkuta amepiga goti juu ya benchi la useremala, akipima mbao kwa utepe wa kushonea nguo, akasimama pale mlangoni, akatikisa kichwa, akaagiza kitanda. Utepe ule wa kushonea ndio aliopimia kadre zote za maisha yake, na fundi yeyote aliyemcheka aliambiwa alete mita yake ya chuma washindane.

Mwezi wa nne mwaka 1981 alikuja Bujumbura pamoja na mama yetu mdogo aliyekuwa akiuza vitenge, akiwa na nguo chache na msumeno wa baba umefungwa ndani ya kitenge, na mpakani alipoulizwa anaenda kufanya nini na kitu kama kile, alisema anaenda kukata, akaulizwa kukata nini, akasema hilo ataliona akifika. Walipanga Buyenzi, na siku ya kwanza ya kutembezwa mjini alipita mtaa wa Asiatique mbele ya Studio Nuru ya mzee Seifu, Mungu amrehemu, mpiga picha ambaye wazee mliopo hapa alizipiga picha arusi zenu, akaona kadre imetundikwa dirishani, akasema kwa sauti iliyomfikia mwenye duka kwamba pembe ile imeachana hata panya anaweza kupita. Mzee Seifu angeweza kumfukuza, lakini alikuwa mtu wa kupenda kazi kuliko sifa, akampa mbao akamwambia basi tuonyeshe, na jioni ile marehemu alipata kazi aliyoifanya mpaka miguu ilipomkatalia.

Miaka kumi na minane walifanya kazi pamoja, Muislamu na Mkatoliki, wakibishana juu ya kila kitu isipokuwa picha. Mzee Seifu alimuingiza katika chumba cha giza, akamfundisha kusafisha picha chini ya taa nyekundu, akamfundisha kwamba karatasi ikilala kwenye dawa, nywele na macho hutangulia, tabasamu huja nyuma, na anayeivuta karatasi kwa haraka anamnyima mtu tabasamu lake. Upande wa kadre hakuna aliyemfundisha. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye mbao, kwa hiyo misumari ilikaa mdomoni, na alizoea kuongea nayo hivyo hivyo, akigombeza, akicheka, akisalimia wapita njia, mpaka watu wa Asiatique wakaona ajabu siku za Jumapili walipomsikia anaongea vizuri.

Kuhusu ndoa, marehemu alimpata mume kwa njia ya kioo. Mwaka 1985 mwalimu Népomuscène wa shule ya msingi hapa Musaga alipeleka diploma yake itiwe kadre, akaichukua, kesho yake akairudisha akisema ndani ya kioo mna vumbi, ikafutwa, wiki iliyofuata akarudi tena na vumbi lake, na tena, hadi mzee Seifu alipochoka akamwambia mbele ya wateja, "Mwalimu, hiyo vumbi haiko ku kioo, iko mu roho yako, sema unataka nini." Mwalimu akasema. Ndoa yao ilibarikiwa hapa parokiani Jumamosi tarehe 9 Agosti 1986, na Mungu akawajalia watoto watatu, Lisette aliyezaliwa tarehe 21 Mei 1987, Fabrice tarehe 2 Februari 1990, na Benite tarehe 17 Septemba 1995, katika miaka ambayo wote tunaijua na hatuna haja ya kuisoma mbele ya watoto, isipokuwa kusema kwamba nyumba hii ya Musaga ilipofungwa wakakimbia, na ilipofunguliwa wakarudi, na mara zote mbili mwalimu alibeba watoto na marehemu alibeba msumeno. Walipendana watu hawa, hilo tuliseme wazi bila haya. Mwalimu akitoka shule alikuwa anapitia kwake kazini, akivua koti na kumshikia kigoda, kwa sababu mke wake alikuwa na haraka ya kupanda na hakuwahi kuangalia kama kigoda kimesimama sawa.

Mzee Seifu alifariki mwaka 1999 na studio ikafungwa, lakini jembe halimtupi mkulima, marehemu alihamia katika kibanda ndani ya soko kuu, akatengeneza kadre za arusi, za ubatizo, za diploma, za michoro ya vijana wachoraji ambao wengine leo wanajulikana hadi ng'ambo, na alipokuwa akiwapelekea kazi yao hakuwaachia kuitundika wenyewe, alikwenda nayo mpaka ukutani. Tarehe 14 Oktoba 2010 mwalimu Népomuscène alifariki kwa ugonjwa wa ghafla, na tangu siku hiyo kigoda hakikuwa na wa kukishika.

Sasa tunafika mahali ambapo maisha haya yanapinda. Mwanzoni mwa mwaka 2013 marehemu alichukua picha yake ya ndoa na albamu nzima ya nyumba, akazipeleka kibandani ili azisafishe upya na kuzitia kadre mpya kwa ukumbusho wa mume wake, na Jumapili tarehe 27 Januari soko kuu likaungua, kila mmoja wenu anajua alikuwa wapi asubuhi ile. Yeye alikimbia na viatu mkononi, akazuiwa barabarani na watu waliokuwa na akili kuliko yeye, akasimama akatazama moshi. Vioo, mbao, mashine, vyote vilikwenda, akasema vitu ni vitu. Picha za watu zilizokuwa zinangoja kadre, hizo hakuzisema hivyo, na za kwake na mume wake hakuzitaja hata kidogo, ila msumeno wa baba ulikuwa umebaki nyumbani kwa ajili ya kunolewa, na Benite anakumbuka kwamba usiku ule mama alikaa nao magotini kama mtoto mchanga.

Kesho yake, kati ya watu waliokuja kutazama majivu, alikuja mama Asiya wa Buyenzi, aliyekuwa amefiwa na mume wake Twahiru, fundi wa magari, miezi michache nyuma, na picha pekee ya Twahiru duniani ilikuwa mle kibandani, kwa sababu marehemu Twahiru alikuwa mtu wa kuikimbia kamera, akidai mikono yake ina grisi. Asiya hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alisema tu, "We haukuchoma soko, mi najua, lakini sasa sina tena sura ya Twahiru, na hawa watoto wadogo watamusahau." Marehemu alirudi nyumbani, akapiga moyo konde, na mbele ya watoto wake akaapa kwamba hatakaa mbele ya kamera yoyote mpaka kila mtu aliyeunguliwa na picha mikononi mwake awe amerudishiwa uso wa mtu wake, na picha yake mwenyewe na mwalimu iwe ya mwisho kabisa. Sasa mnajua kwa nini hakuwa na picha. Wapo waliosema alikuwa na majivuno, wengine kwamba alikuwa anaogopa uzee, jamani, tuwasamehe, hawakujua.

Lakini picha iliyoungua inarudije? Hapa ndipo akili ya dada yetu ilipo. Alijua kuta za Buyenzi kuliko wenye nyumba, kwa sababu tangu mwaka 1981 yeye ndiye aliyezitundikia arusi zao, na alijua kwamba mtu anayekimbia kamera ya kwake hawezi kukimbia kamera za wenzake, atakuwa ameingia tu nyuma ya arusi ya watu. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba, hodi, naomba nione ukuta, akasogeza miwani, akatafuta Twahiru nyuma ya mabibi arusi. Na mara ya kwanza alikosea, tena vibaya. Alimpata mwanaume mrefu nyuma ya meza ya keki, akamkuza, akamsafisha, akamtia kadre nzuri yenye utepe mweusi, akaipeleka kwa Asiya akiwa amevaa kitenge cha heshima, mama wa watu akafunua, akatazama, akasema, "Apana, Mama Kadre, huyu ni muzima, amekunywa chai hapa asubuhi." Alikuwa ni shemeji, mdogo wake Twahiru. Kilio kiligeuka kicheko mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini, na shemeji huyo yupo hapa leo, ameketi pale safu ya pili, inua mkono mzee wetu, kadre yake yenye utepe mweusi ameitundika sebuleni hadi leo, anasema atakayemzika hatapata tabu.

Aibu ile haikumrudisha nyuma, ilimfundisha kuuliza. Alimketisha Asiya akamuuliza swali ambalo baadaye wafiwa wengi wa mji huu waliulizwa, "Alikuwa anachekea wapi?" Asiya akafikiri, akasema Twahiru alikuwa anacheka akiwa chini ya gari, au gari la mtu likikataa kuwaka. Basi marehemu akaacha meza za keki, akatafuta magari ya arusi, maana gari la bibi arusi likiharibika njiani fundi huitwa hata kama hakualikwa, na katika nyumba moja akamkuta, kwenye picha ya mwaka 1998, bibi arusi mbele na shela lake, bwana arusi amekunja uso, na nyuma kabisa, boneti limefunguliwa, Twahiru anafuta mikono kwa kitambaa na anacheka kwa meno yote. Uso ulikuwa mdogo kama ukucha. Alifanya nao kazi wiki nzima, kijana wa maabara ya picha akamshauri wakifute kile kitambaa kichafu, akakataa, akasema wakikitoa kitambaa watamtoa Twahiru. Asiya alipoipokea alilia, kisha akasema, "Ndiye, hata hapa anafuta grisi," na tangu siku hiyo wanawake hao wawili walikuwa ndugu, wa daku na wa Krismasi, mmoja hakupika bila mwingine kuonja.

Mwaka 2014 alifungua chumba kipya Asiatique pamoja na Lisette, ambaye aliacha kazi ya ofisini kumfuata mama yake, na hapo ndipo jina la Mama Kadre lilipovuka mitaa. Alikataa katakata kukuza picha ya karangamuntu kwa ajili ya sanduku, alisema, "Mutu asizikwe na uso wa kuogopa polisi," na wafiwa waliokuja na kikaratasi kile aliwaketisha, akawapa chai, akawauliza marehemu wao alikuwa anachekea wapi, kisha akavaa viatu. Alikwenda Kinama kwa miguu, alikwenda Uvira, alivumilia mbwa na wakwe za watu. Na wale waliounguliwa sokoni aliwarudishia mmoja baada ya mwingine, bila kuandika popote, wote walikuwa kichwani mwake. Oktoba 2019 nyuso hizo zote za nyuma alizikuza, akazitundika katika jumba moja la maonyesho hapa mjini, akayaita maonyesho yake Nyuma ya Arusi, wapishi, madereva, wabeba viti, wasichana waliomshikia bibi arusi mwavuli huku wao wakinyeshewa, kila mmoja mkubwa kama mlango na kadre yake ya mbao nyekundu. Mama mmoja muuza sambusa wa Kinama alijiona pale, amebeba sinia, akasimama mbele ya picha yake jioni nzima akiwaambia wageni, hata Wazungu, kwamba huyo ni yeye na sambusa zile zilikuwa zake. Wakubwa walitoa hotuba, marehemu alikuwa juu ya ngazi, ananyoosha kadre iliyolala upande.

Mtauliza, na simu? Siku hizi nani hana picha ya simu. Ni kweli, na sisi tulizitafuta humo. Simu ya Fabrice ina picha za mgongo wa mama, simu ya Benite ina picha ya mwaka wa barakoa, unaona macho tu na hasira, na nyingine zote ni mkono wake umefunika kioo. Mwaka 2022, aliporudisha picha ya mwisho ya wateja, bibi wa familia moja ya Kinama, Lisette aliwasha taa, akaweka kiti, akamwambia mama kazi imekwisha, njoo ukae, naye akajibu, "Ya kwangu na ya baba yenu bado, mi nitakaa pale itapatikana." Wasimamizi wa ndoa yake walikuwa wameshafariki, picha walizokuwa nazo zilipotea katika kukimbia, ndugu wa Bukavu hawakuwa na kitu, alitafuta kila mahali, na kwa kweli jambo hilo lilimuuma. Aliyerudisha nyuso za watu wote hakuweza kuurudisha wa mume wake. Hilo ndilo deni lake pekee na dunia, na alilijua.

Ugonjwa wa sukari ulimuanza mwaka 2021, akautibu huku akifanya kazi, ukashuka miguuni, ukafika kwenye figo, na tarehe 12 Mei mwaka huu wa 2025 alilazwa katika hospitali ya hapa mjini. Hata huko hakutulia, kulikuwa na picha ya Bikira Maria imepinda ukutani, aliwasumbua manesi mpaka wakamletea nyundo, na Fabrice akaipiga msumari chini ya amri zake kutoka kitandani. Siku za mwisho alizungumza kidogo, ila Jumatano jioni alimshika Lisette mkono, akamwapisha kwamba hatatangulizwa na karangamuntu, Lisette akamuuliza basi na ipi, mama, na yeye akafumba macho akasema, "Tafuteni, mi nimewafundisha." Alifariki Alhamisi tarehe 5 Juni 2025 saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, watoto wake wote wakiwa pembeni, na padri akiwa amempaka mafuta matakatifu.

Lisette alitafuta siku hiyo nzima akashindwa, alifungua kila sanduku la studio, akaketi sakafuni katikati ya nyuso za watu, akasema kwamba ameapa na hawezi. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, siku ya Idi. Mama Asiya alikuwa na wageni, pilau iko jikoni, watoto wamevaa nguo mpya, aliposikia kwamba Mama Kadre hana picha aliacha mwiko kwa mkwe wake, akatoka. Hakuuliza nani ana picha ya Geneviève, alijiuliza kama alivyofundishwa, alikuwa anachekea wapi, akajijibu kwamba alikuwa anacheka juu ya kigoda. Basi akapita Buyenzi yote siku ile ya sikukuu, Idi mubarak, naomba nione ukuta, watu wakacheka, wakampa juisi, wakawasha taa, na alasiri akafika kwa Hayat, binti wa mwisho wa mzee Seifu, aliyeolewa mwaka 2007 wakati baba yake alikuwa ameshafariki. Siku ya arusi ile marehemu alikwenda ukumbini kuitundika picha kubwa ya mzee Seifu, ili amuone binti yake anaolewa. Na ndivyo ilivyo pale ukutani kwa Hayat, bibi arusi mbele, na nyuma yake Mama Kadre juu ya kigoda, mkono mmoja kwenye kadre ya mwalimu wake wa kazi, misumari mdomoni, ameinama kutazama chini, anacheka mpaka mashavu yamepanda.

Walipoileta hapa nyumbani palitokea mabishano, tusifiche. Shangazi mmoja alitaka kompyuta iondoe misumari, Fabrice alitaka uso peke yake ukatwe, ndipo Asiya aliposimama katikati ya sebule akasema, "Mukitoa misumari mutazika mutu mwingine, na mukikata picha, munamukata huyu," akaweka kidole chini pembeni, mahali ambapo sisi sote, pamoja na Lisette, tulikuwa hatujatazama. Sasa na nyinyi tazameni. Chini ya kigoda kuna mwanaume amevua koti, amepiga goti moja, ameshika miguu ya kigoda kwa mikono yote miwili na ameinua uso. Ni mwalimu Népomuscène. Marehemu alitafuta picha ya arusi yake mwenyewe, hakuwahi kujitafuta nyuma ya arusi za watu. Ndiye anayetazamwa, ndiye aliyemchekesha, na ndiyo sababu marehemu hatutazami sisi. Lisette aliisafisha bila kukata kitu, akapima mbao kwa utepe wa kushonea, akakata pembe kwa msumeno wa babu Murhula, na pembe zimefungana, mkitaka sogeeni mkaone. Picha ya mwisho iliyoungua sokoni, ya dada yetu na mume wake, imerudi, na kiapo chake kimekamilika.

Marehemu anaacha watoto watatu, wajukuu watano, wadogo zake wawili, na mama Asiya, ambaye familia imeamua aketi safu ya mbele pamoja nasi, wema hauozi. Tunawashukuru madaktari na manesi waliomuuguza, hasa aliyeileta nyundo, tunawashukuru majirani wa Musaga mliokesha hapa na kuleta maharage, kuni na nyimbo, wanajumuiya, mapadri, mafundi wenzake wa Asiatique mliofunga milango leo, wachoraji na wapiga picha, na watu wa Buyenzi mliozifungua nyumba zenu siku ya Idi. Mkirudi nyumbani, tazameni kuta zenu, tazameni nyuma ya arusi zenu, mtakapomuona Mama Kadre mtuambie, Lisette yuko Asiatique, mlango uko wazi kesho kutwa asubuhi.

Nawe Mama Kadre, dada, kadre imekaa sawa, tumeiangalia kwa macho yetu, haikupinda. Toa misumari mdomoni, shuka taratibu, mwalimu amekishika kigoda. Pumzika kwa amani.